SOMO: WIMBO WETU WA TAIFA NA VITA VILIVYOUZUNGUKA



Juzi mjukuu wangu aliniuliza: "Babu, tulimshinda nani vitani ndipo tukatunga wimbo wa taifa?" Alikuwa amesikia kwamba wimbo wa Ufaransa ulitungwa mwaka 1792 kwa ajili ya askari waendao vitani, na maneno ya ule wa Marekani mwaka 1814, baada ya ngome kupigwa mizinga usiku kucha. Nikamjibu kwamba wimbo wetu haukuzaliwa vitani, ila vita viliuzunguka tangu utoto wake.

Aliyeitunga sauti ya wimbo huu ni mwalimu, tena mwalimu wa misheni (jambo ambalo, naungama, hunifurahisha). Jina lake Enoch Sontonga, Mxhosa, aliyefundisha katika shule ya Wamethodisti karibu na Johannesburg na kuongoza kwaya ya wanafunzi. Aliutunga mwaka 1897. Haukuwa wimbo wa taifa lo lote, bali sala ya watoto wa shule. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji.

Oktoba ya mwaka huo huo vita vikalipuka kati ya Waingereza na Makaburu, wakigombea nchi na dhahabu yake. Watu weusi hawakuulizwa, lakini walilipa. Maelfu walikusanywa makambini, na waliofia humo, kwa hesabu ya walioandikwa tu, wanazidi 14,000. Wengi waliwasaidia Waingereza, wakitumaini kwamba vita vikiisha nao watapewa haki ya kupiga kura.

Hapa ndipo pa kuangalia kwa makini. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 31 Mei 1902. Wazungu wale wawili wakapeana mikono, na suala la kura ya Mwafrika likaahirishwa mpaka hapo Makaburu watakapopewa serikali yao wenyewe. Maana yake ni kwamba waliachiwa kuamua wale wale wasiotaka. Mwaka 1910 nchi ikaunganishwa, na mlango ukazidi kufungwa. Sontonga hakuyaona hayo. Alifariki mwaka 1905.

Tarehe 8 Januari 1912 viongozi wa Kiafrika walikutana Bloemfontein, wakaanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Mkutano ulifungwa kwa sala na wimbo wa Sontonga. Katibu wao, Solomon Plaatje, alivijua vita vile kwa macho yake, maana alikuwa mkalimani ndani ya mji wa Mafikeng ulipozingirwa na Makaburu. Mwaka 1923 akiwa London aliuimba wimbo huo ukarekodiwa katika sahani ya santuri. Kwa hiyo mimi husema kwamba kilichoufanya wimbo wa kwaya kuwa wimbo wa watu si vita, bali ni amani isiyokuwa na haki.

Sisi tuliupokea tarehe 9 Desemba 1961, kwa maneno ya Kiswahili. Yachunguzeni. Hamna mkuki wala bunduki. Silaha iliyomo ni ngao peke yake, nayo imefanywa kwa hekima, umoja na amani. Ngao haimwendei mtu, humkinga aliyeishika.

Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia mkoani kwetu, nilikuwa kijana wa sekondari. Tuliuimba chini ya mlingoti asubuhi, na wengine sauti ziliwakauka.

Lakini asubuhi nisiyoisahau ni ya mwaka 1994, nikiwa mwalimu hapa wilayani Ngara. Tarehe 27 Aprili redio ilitangaza kwamba Afrika ya Kusini inapiga kura, watu wote, na wimbo wa Sontonga sasa ni mmoja wa nyimbo mbili za taifa lao. Tulishangilia ofisini. Siku ya pili, watu wakaanza kumiminika daraja la Rusumo kutoka Rwanda, karibu 250,000 kwa muda wa siku moja hivi, wakajaa Benaco. Juma lile lile! Wanafunzi wangu walipoimba mstarini niliwasimamisha katikati, maana nilishindwa kuendelea. Mtoto mmoja akauliza: "Mwalimu, na wale wa Benaco wamo katika wimbo?" Nilimwambia kwamba beti la kwanza ni la Afrika nzima. Hakuridhika, na sikumlaumu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya nyumba kwa nyumba: Someni Yeremia 6:14. Je, mapatano ya mwaka 1902 yanafanana na jambo hilo? Katika kijiji chenu, kuna ugomvi gani uliosuluhishwa bila mmoja wa wahusika kuulizwa? Na yule mtoto, ninyi mngemjibuje?