KIJANA, NANI ANASHINDA?

Ndugu kijana wa Manzese, Tandale, Mbagala na Tandika, somo hili ni fupi. Lisome mpaka mwisho kabla hujacheza tena.

Bahati nasibu haikuanza juzi. Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa ilitungwa mwaka 1974. Mwaka 2003 ikaja Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, yenye Bodi ya kutoa leseni. Mwaka 2017 zikavuma Tatu Mzuka na Biko, watu wakacheza kwa simu. Zamani uliifuata tiketi. Siku hizi tiketi inalala na wewe kitandani.

1. TUPIGE HESABU

Chukua mchezo wa tarakimu tatu. Toka 000 mpaka 999 kuna namba 1,000. Inatoka moja. Wewe umeshika moja. 999 ziko kinyume chako. Ukiweka shilingi 500 kila siku, kwa siku 1,000 umetoa shilingi 500,000. Huo ni mtaji! Tena katika watu 100 wanaocheza hivyo, kama 37 watamaliza siku zote 1,000 bila kuipata hata mara moja.

Je, mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49? Hapo kuna njia 13,983,816, na ya ushindi ni moja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam nzima. Mtu akifumba macho amchague mmoja katika jiji zima, ni rahisi zaidi akuguse wewe.

2. UTASEMA HIVI

"Mbona fulani alishinda?" Kweli, alishinda, na redio ikamtangaza. Walioliwa siku ileile nani aliwatangaza?

"Namba yangu haijatoka siku nyingi, leo ni zamu yake." Namba haina zamu. Kila droo inaanza upya. Haikumbuki jana, wala haijui kuwa mwenye nyumba anakudai.

"Nilikosa moja tu!" Kukosa moja ni kukosa. Hela imekwenda.

3. NANI ANALIPA?

Zawadi, matangazo ya redioni, kodi ya serikali, faida ya kampuni: vyote vinatoka mfukoni kwa wachezaji. Kwa hiyo wachezaji wote kwa pamoja lazima wapate pungufu ya walichotoa. Leseni inaufanya mchezo uwe halali. Haikufanyi wewe ushinde.

4. FANYA HIVI LEO

Mithali 13:11 inafundisha kuwa anayekusanya kidogo kidogo ndiye anayeongeza. Chukua daftari. Andika hela zote ulizoweka mwezi huu, kisha ulizopata. Toa. Jibu lake ndiyo namba yako ya kweli.

Halafu ile 500 iweke kwenye kibubu. Kwa mwaka ni shilingi 182,500, bila kusubiri droo yoyote. Na kama umejaribu kuacha ukashindwa, usijifiche. Mwambie mama, kaka au rafiki unayemwamini akushikie hela.

Kijana, amua leo!