Tarehe Mbili Chini ya Bendera: Kejeli ya Mfalme katika Michoro ya "Colonie belge"

Katika somo hili tutasoma maandishi ya mchoro kabla ya rangi zake. Miaka ya 1970, familia nyingi za Lubumbashi zilitundika sebuleni mchoro uitwao *Colonie belge*. Ulichorwa kwa mkono, mara nyingi juu ya kitambaa cha gunia la unga, ukauzwa kwa bei ndogo. Mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa, mzungu anatazama, bendera ya Ubelgiji inapepea. Mfalme mwenyewe hayumo.

Basi anakejeliwa wapi? Mimi naona ni katika tarehe. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1947, aliandika: "Colonie belge 1885–1959". Mwanahistoria atapinga: hadi 1908 Kongo haikuwa koloni ya Ubelgiji, ilikuwa milki ya Léopold II binafsi, nayo ikaitwa Dola Huru la Kongo. Lakini kwa mgongo uliochapwa, 1908 haikuondoa fimbo. Mchoraji anamvua mfalme lile neno "Huru", anamweka chini ya bendera moja na waliomfuata.

Tarehe ya mwisho inauma zaidi. Tulipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku ile Mfalme Baudouin alihutubia Léopoldville, akauita uhuru kilele cha kazi ya Léopold II. Mchoro unakomea 1959, mwaka ulioanza na maasi ya Léopoldville ya tarehe 4 Januari. Nasoma hivi: ukoloni uliisha pale watu walipoukataa. Mfalme alifika na zawadi mwaka mmoja baadaye, mkono ukiwa mtupu.

Johannes Fabian, aliyefundisha hapa Lubumbashi kabla ya Amsterdam, aliandika kwamba wenyeji waliita michoro hii *ukumbusho*. Tuchambue: *kumbuka*, *kumbusha*, *ukumbusho*. Mtu hukumbuka peke yake, lakini kukumbusha kunahitaji mwingine. Mchoro wa sebuleni ulimngoja mgeni aulize, na mzee ajibu.

Leo, sisi wa Kasungami tukitaka kuona mfululizo ambao Tshibumba alimchorea Fabian, safari ni ya Amsterdam. Majibu ya wazee, hata hivyo, bado yako hapa, kwa Kiswahili chetu. Tuwaulize, tuyaandike yalivyosemwa, bila kuyasafisha.