Kabla Hujamwaga Wino, Uliza Utatokaje

Mdogo wangu wa Kizota, kurasa zote sita ulizonitumia nimezisoma, na ule wa nne nimeurudia. Kwanza hongera. Kutoka kuimba kwenye harusi za Dodoma hadi kuitwa na lebo ya Dar es Salaam si jambo dogo, na najua nyumbani wamefurahi. Ila wamekupa hadi Ijumaa uwe umesaini. Mkataba wa miaka mitano, halafu hupewi hata wiki mbili za kuusoma? Hapo mimi sina amani.

Umeniuliza kuhusu mgawo wa mapato tu, asilimia 60 kwao na 40 kwako. Shuka mstari mmoja chini yake: mgawo unaanza "baada ya kurejeshwa gharama zote". Gharama zipi? Video, nguo, hoteli, mafuta ya gari, nani anaziandika na wewe utazionea wapi? Mkataba umekaa kimya. Omba ukomo wa gharama uandikwe, na taarifa ya mapato na matumizi uipate kila miezi mitatu, risiti zikiwemo. Na pale waliposema jina lako la kisanii ni mali ya lebo, kataa. Jina hilo ulikwenda nalo.

Nilichotafuta mwanzo hadi mwisho nisikione ni namna ya kuondoka. Mwanamuziki Harmonize alipotoka kwenye lebo ya WCB Wasafi mwaka 2019, alisema mwenyewe hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. Simlaumu mtu, aliyeweka fedha zake kwa msanii ana haki ya kuzidai. Lakini Harmonize alikuwa nyota tayari. Wewe leo ukiambiwa ulipe hata milioni 10, utazitoa wapi? Bei ya kutoka ijulikane siku ya kuingia, tena kwa maandishi.

Nasisitiza hili kwa sababu safari ya sanaa hainyooki. Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa hapa hapa Dodoma, mpiga zeze na ilimba. Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam, na mwaka 1996 albamu yake ya Chibite ikatolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel huko Uingereza. Njoo kwenye Bunge letu hapo mjini, uwaone wanamuziki walioingia: Sugu aliingia 2010, Profesa Jay 2015, MwanaFA 2020, na 2023 MwanaFA akawa Naibu Waziri wa wizara inayosimamia sanaa. Walipokuwa wanahangaika na studio, nani angewatabiria hayo?

Na wewe hujui kesho yako. Unaweza kupata nafasi Chuo Kikuu cha Dodoma, ukaolewa, ukahamia kwenye filamu au injili. Sasa soma ukurasa wa tano: hutaruhusiwa kufanya "kazi nyingine yoyote ya sanaa" bila idhini yao. Hiyo "yoyote", mdogo wangu, inafunga hata kwaya yako ya Jumapili.

Hizo nyimbo nne ulizotunga mwenyewe zipeleke COSOTA, kwa watu wa hakimiliki, zisajiliwe kwa jina lako kabla ya mazungumzo mengine. Alichokuahidi meneja kwenye simu, kwamba atakupangia nyumba na kukulipia ada ya mdogo wako, kiingie kwenye karatasi, kisipoingia, usikihesabu. Mkataba mpeleke kwa mwanasheria wako, si yule wa lebo, maana yule analipwa na wao. Kama huna fedha, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wapo wanaowahudumia wasio na uwezo bila malipo. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii, akuelekeze.

Ijumaa usisaini. Wapigie kesho asubuhi, kwa heshima, uombe siku 14 na nakala yako ya mkataba. Wakikubali, vizuri. Wakisema ni sasa au basi, nitafute kabla hujapanda gari la kwenda Dar.