Mombo hadi Lushoto: usijiondoe, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Tabata, umeniandikia kwamba kikundi chenu kinakwenda kupanda Usambara kwa baiskeli, wanaume watupu na wewe peke yako mwanamke, na unauliza kama ujitoe mapema usije ukawachelewesha. Usijitoe. Na ninyi wengine mnaosoma huku mna hofu hiyohiyo, sogeeni tuzungumze.

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ina kilomita zipatazo 33, na inakupandisha karibu mita 1,000. Inataka uvumilivu wa saa kadhaa. Wanaoumbuka pale mara nyingi ni wenye nguvu zao, waliotoka Mombo kwa mwendo na gia za barabara ya Bagamoyo.

Kwa hiyo tuanze na gia. Chuchumaa uhesabu meno ya duara dogo la mbele, kwenye pedeli, kisha ya duara kubwa kuliko yote la nyuma. Yakilingana, tuseme 34 kwa 34, kila ukizungusha miguu mara moja tairi nalo linazunguka mara moja, na hapo utapanda hata ukiwa na mzigo. Yakiwa 42 mbele na 25 nyuma, magoti yako yatalia kabla hujafika Soni. Mpelekee fundi, muulize kama kibadilisha gia chako kinaweza kubeba duara kubwa zaidi nyuma, na cheni nayo aipime upya. Pesa ya jezi iende huko kwanza.

Dar ni tambarare, najua, lakini Pugu ipo. Nenda alfajiri kabla malori hayajawa mengi. Panda, shuka, panda tena, ukiwa umekaa kitini. Pumzi yako ikuruhusu kusema sentensi nzima. Ikikatika katikati, punguza. Siku ya mapumziko fanya safari ndefu, uirefushe kidogo kidogo kila wiki, na wiki ya mwisho pumzisha miguu.

Sasa yale ambayo kaka zako hawatakwambia. Kaptula yenye sponji huvaliwa bila chupi, maana mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Paka mafuta ya mgando panapogusana. Kiti kikikuumiza baada ya saa moja, kibadilishe sasa, si siku ya kuamkia safari: mifupa yetu ya kukalia mara nyingi imeachana zaidi kuliko ya wanaume, na kiti chembamba kinabana mahali pasipotakiwa kubanwa. Hedhi ikiangukia siku hiyo, nenda tu kama mwili unakuruhusu. Beba pedi za kutosha na mfuko wa kutupia. Kanga moja usiiache: utajifunga ukishuka kununua chakula, utajifunika ukipata baridi. Lushoto kati ya Juni na Agosti baridi yake si ya kubahatisha, na jasho la kupandia likipoa mwilini utatetemeka. Sweta liwe juu kabisa ya begi.

Baiskeli itapanda basi, na hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Fika stendi ya Mbezi mapema, ukubaliane nauli ya mzigo na konda kabla buti halijajaa. Toa tairi la mbele, ulifunge ubavuni mwa fremu kwa vipande vya mpira wa ndani, na katikati ya uma ukaze kipande cha mti usije ukabanwa. Kama breki zako ni za diski na mafuta, chomeka kadibodi nene kati ya raba zake, wala mtu asiminye mkono wa breki tairi likiwa limetoka. Pedeli zote mbili hulegea spana ikiwa imesimama juu ukaivuta kuelekea nyuma ya baiskeli; ya kushoto imetengenezwa kinyume, ukiilazimisha kama ya kulia utaua nyuzi zake. Ilaze butini, upande wa cheni uwe juu. Simama hapo mpaka buti lifungwe. Konda akikuharakisha, mjibu kwa upole na uendelee kusimama.

Mlimani, kula kabla ya njaa: ndizi, tende, viazi vya kuchemsha. Chumvi za kuongezea maji zinapatikana duka la dawa, beba pakiti chache. Wakikuacha, waache waende. Kubalianeni tangu Mombo kwamba mtasubiriana Soni, na kiongozi wenu aseme hivyo mbele ya wote.

Kisha kuna kushuka, ambako mimi nakuhofia zaidi kuliko kupanda. Barabara ni nyembamba, ina kona za ghafla, na mabasi yanajaza pande zote mbili, wao na wako. Funga breki kwa vipindi, kabla ya kona, zote mbili pamoja. Ukizishikilia muda wote zinachemka na kupoteza nguvu. Raba za breki nunua Dar, seti mpya mbili, na umwombe fundi akufundishe kuzibadilisha kwa mikono yako mwenyewe.