Barafu Katika Glasi Yako

Wapo walaji wasiokubali kunywa maji ya bomba yasiyochemshwa, lakini hupokea bila wasiwasi glasi ya juisi ya miwa iliyojaa barafu. Wengi wao huamini kwamba baridi huua vijidudu. Sivyo. Baridi ya friza huvidumaza tu. Vimelea vya kipindupindu na vya homa ya matumbo huweza kubaki hai ndani ya barafu, na barafu inapoyeyuka huingia katika kinywaji. Hata pombe haitoshi kuviangamiza. Barafu, basi, haiwezi kuwa safi kuliko maji iliyotengenezwa nayo.

Nyumbani, chemsha maji yatokote kwa angalau dakika moja, yaache yapoe katika chombo chenye mfuniko, ndipo uyagandishe. Wanaotengeneza barafu za ubuyu au ukwaju wafungue vifuko kwa vidole vilivyooshwa kwa sabuni, wala wasivipulize kwa mdomo. Twafahamu kwamba vifuko hivyo hushikana na huudhi, lakini pumzi na mate ya anayepuliza hubaki ndani. Katika friza, nyama na samaki wabichi wakae chini ya barafu, katika vyombo vilivyofungwa, kwa kuwa umeme ukikatika maji yao hutiririka. Barafu iliyoguswa na maji hayo itupwe.

Jambo linalotutia shaka zaidi ni barafu ya vitalu. Kitalu kilichokusudiwa kuhifadhi samaki huweza kuburutwa sakafuni na kupondwa juu ya gunia. Hakifai kuingia katika glasi, hata kama bado hakijagusa samaki. Vivyo hivyo barafu ya kupozea chupa katika sherehe: chupa huja na vumbi la kreti na la ghala, kisha mhudumu huchota barafu ile ile na kuwatilia wageni. Pawe na ndoo mbili. Barafu ya kunywea ichotwe kwa koleo au upawa, si kwa mkono wala kwa glasi, maana kipande cha glasi iliyovunjika hakionekani kati ya barafu.

Unaponunua kinywaji, una haki ya kumuuliza muuzaji barafu yake imetengenezwa kwa maji gani. Jibu lisiporidhisha, agiza soda iliyopozwa ndani ya chupa, na ufute mdomo wa chupa kabla ya kunywa.