Dada na Michezo ya Simu



Hapa Kamembe, kaka akicheza mpira kwenye simu huitwa mchezaji; dada akipanga peremende za Candy Crush huambiwa anapoteza muda. Mimi naona mgawanyo huo umetoka sokoni.

Mwaka 1980 Mjapani Toru Iwatani alibuni Pac-Man ili awavute wanawake kwenye kumbi zilizojaa wanaume na michezo ya vita. Akachagua mada ya kula (hapo nilicheka). Mwaka 1989 Nintendo ikatoa Game Boy. Mvulana yumo kwenye jina lenyewe. Mwaka 1996 Mattel ikaleta mchezo wa kompyuta wa kumbunia Barbie nguo, ukanunuliwa mno. Wasichana wa kucheza walikuwapo. Wauzaji ndio waliowatengea rafu moja.

Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba kati ya wanasesere wa Mama yetu Aisha (r.a.) alikuwamo farasi mwenye mbawa. Mtume (s.a.w.) alimuuliza habari zake, akacheka kwa jibu alilopewa. Hakumwambia farasi ni wa wavulana.

Nchini Kenya, Sylvia Gathoni, maarufu kama Queen Arrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya Marekani, UYU, kucheza Tekken, mchezo wa kupigana.

Basi dada asihangaike kama mchezo ni wa kike. Atazame bei. Candy Crush humpa maisha 5. Yakiisha, husubiri dakika 30 kwa kila moja, au alipe. Hapo ndipo israfu inapoingilia, na kaka anayenunua wachezaji wa mpira kwenye simu yake yumo pia.