Mvuke wa Olkaria na Mustakabali wa Magari ya Umeme Kenya

Je, yamkini Mkenya wa kawaida, ambaye aghalabu hununua gari lililokwishatumika Japani, atapata gari la umeme?

Yamkini, ila na aikague betri kabla ya kuisifu rangi, maana sheria huruhusu kuingizwa gari lisilozidi umri wa miaka 8, na umri huo kwa injini ya petroli ni ujana, ilhali kwa betri ni utu uzima. Nissan Leaf huonyesha afya ya betri yake kwa vistari 12. Mnunuzi akivikuta 8, basi takriban theluthi moja ya uwezo imekwisha kutoweka. Kadhalika betri hiyo haina maji ya kuipoza, hivyo joto la Mombasa huila upesi kuliko baridi ya Limuru.

Basi mageuzi ya kuhamia umeme yataanzia wapi?

Kwa bodaboda, nako yamekwisha kuanza. Pikipiki huwa mali ya dereva, betri ikabaki mali ya kampuni. Dereva hufika kituoni, akainua kiti, akachomoa iliyokwisha na kuitia kabatini, akatwaa iliyojaa, na abiria hajamaliza kufunga kofia wamo njiani. Kwa jinsi hiyo kitu kilicho ghali kuliko vyote hakimlemei mtu mwenye rasilmali haba. Jirani zetu wametumia amri: Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli, na Kigali, tangu 2025, haiandikishi pikipiki mpya za abiria ila za umeme.

Na umeme, je, utatosha?

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Tangu mwaka 1981 Olkaria, karibu na Naivasha, huzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini, na mvuke haujui mchana wala usiku. Watu wakilala na viwanda vikitulia, sehemu yake huachiliwa ikapotea angani, huku nchi ikinunua mafuta ughaibuni kwa fedha za kigeni. Mwaka 2023 iliwekwa bei mahususi ya kuchajia vyombo vya usafiri, ya usiku ikiwa nusu ya ile ya mchana, na hilo nalihesabu kuwa jambo la hekima kubwa. Mabasi ya mjini huegeshwa saa zizo hizo mvuke unapopotea. Lililosalia ni kuzifikisha nyaya na chaja kwenye maegesho ya mabasi hayo.